Ushuhuda Usio na Lakini

Ushuhuda una utaratibu wake, na pale Magoma kila mtu kanisani anaujua: unasema ulivyoumwa, unasema ulivyolia, halafu unasema "lakini". Lakini Bwana akatenda! Hapo ndipo vigelegele vinapopigwa.

Yasinta alisimama Jumapili ile akiwa na lake moyoni. Tangu azikwe Kaleb, mwanawe wa pekee, aliyeondoka na bodaboda kwenda Korogwe akarudishwa amefunikwa shuka, hakuwa ameomba hata neno moja. Kuamka kazi, kuoga kazi. Uji anaoletewa na jirani unapoa anautazama tu. Leo alikuja kuaga: akishasema, anatoka, na kanisani harudi tena.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mwanangu amekufa. Silali, sili. Naona giza mchana kweupe."

Watu wakasubiri. Wee, walisubiri! Mwinjilisti, maskini, akaona amsaidie: "Lakini Mungu ni mwema, si ndiyo mama?"

"Sina lakini, mwinjilisti," Yasinta akasema. "Ningekuwa nayo ningewapa."

Yasinta akajitanda kanga yake, akatoka macho chini.

Hajafika mbali akasikia kandambili nyuma yake. Alikuwa mama Glory, mwanakwaya mkongwe, yule ambaye kila mwezi hakosi muujiza wa kusimulia.

"Keti, mwanangu."

Wakaketi kwenye ngazi za kanisa. Yasinta akajiandaa kuhubiriwa. Ajabu, mtu mzima yule akaanza kulia, kilio cha kamasi, bila aibu.

"Tangu mzee wangu afariki, nasimama mle nawadanganya," akasema. "Usiku nakodolea paa macho mpaka kunakucha. Leo umenisemea. Niombee."

"Mimi? Mama, mimi imani imeniishia!"

"Wewe hasa. Wale wa ndani wataniambia nishangilie."

Yasinta alitaka kukataa, ila huruma ikamzidi. Akamwekea mkono mgongoni, mgongo mifupa mitupu, akafumba macho.

"Mungu," akasema, akakwama. Akajaribu tena. "Mungu, huyu mama halali. Na mimi silali. Usituache."

Machozi yakamtoka. Alikuja kumuaga Mungu, na sasa alikuwa amekaa anamsubiri amjibu.