Betri Haziingii Darasani

Kila mwaka wa masomo ulipoanza, shule yetu ya Mudzipela ilipaka ubao rangi kwa njia ileile. Wanafunzi walileta betri za redio zilizokwisha, wakazivunja kwa mawe, wakatoa unga mweusi uliomo ndani. Tuliuchanganya na majani ya muhogo, tukapaka.

Mwaka wa 2002 betri zilijaa tele, maana kwa vita iliyotuzunguka kila nyumba ilishinda na redio sikioni. Nesi mmoja alikwisha kutuonya walimu wote kwamba unga ule ni sumu. Hubert, mkuu wetu wa shule, alimshukuru vizuri sana, kisha akasahau. Mimi nilimwona Bibiane, mwanafunzi wangu aliyekimbia kijiji cha Bule kilipochomwa moto, na nguo moja mwilini, akila muhogo kwa vidole vyeusi. Nikachoka kunyamaza.

Nikatangaza kwamba betri haziingii darasani kwangu. Zote nikazitia guniani, nikaliacha gunia mlangoni pa ofisi ya Hubert. Kisha nikapaka ukuta chokaa, tukaanza kuandika juu yake kwa makaa.

Hubert akaja darasani akiliburuta gunia, uso ameukunja.

“Madame Adèle, weye njo unatunga sheria mu shule yangu?”

“Ndiyo, directeur.”

“Huu ukuta mweupe njo tableau? Tableau inapashwa kuwa nyeusi. Inspecteur akifika, atasema nini?”

“Atapitia wapi? Barabara zote ziko na bunduki.”

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira.

“Nitakufukuza kazi,” Hubert akasema. Akamgeukia Bibiane, aliyekuwa mbele akiandika hesabu ukutani. “Weye, kamata jiwe, anza kuponda.”

Bibiane akainama, akainuka na jiwe mkononi, akanitazama. Nikasimama kati yake na gunia.

“Directeur, bunduki siwezi kuzikataza. Moto wa Bule sikuweza kuuzima. Lakini hii sumu, siye wenyewe njo tunaitia mu mikono ya batoto. Hii moja nitaikataza. Ukitaka tableau nyeusi, ponda weye mwenyewe.”

Hubert hakuligusa gunia. Bibiane akaweka jiwe chini, akaokota kipande cha makaa, akarudi ukutani kumalizia hesabu yake.

Ijumaa nilifukuzwa kazi. Jumatatu asubuhi nilikuja kufundisha.