Darubini ya Tadeo

Tadeo alipofariki, bunduki yake ya kuwindia ilikaa chini ya kitanda miezi saba. Mkewe, Xaveria, alifagia kuizunguka, hakuigusa. Kisha, mwaka wa pili tangu Manyara iwe mkoa, mwenyekiti wa mtaa akapita mtaani kwao Bagara akitangaza: silaha za marehemu zipelekwe polisi.

Mtoto wao pekee, Noela, alikuwa ameolewa Songea. Xaveria akaiviringisha bunduki kwenye kitenge, akaenda nayo kituoni peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema Koplo Shaaban.

"Marahaba. Nimeleta bunduki ya baba Noela."

Koplo aliikagua kama ina risasi, akalinganisha namba na kibali. Juu ya mtutu kulikuwa na darubini nyembamba ya kizamani, ambayo Tadeo, enzi za ujana wake, aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa akiongozwa naye porini.

"Hii darubini haimo kwenye kibali. Ukiitaka, chukua."

Alijaribu kuifungua. Bisibisi ikateleza kwenye skrubu mara tatu.

"Imeshika kutu, mama."

"Haina kutu. Nipe."

Darubini ilishikiliwa na pete mbili za chuma. Ile ya nyuma ilikatika zamani, na Tadeo akachonga nyingine kwa tupa, siku nne nzima. Xaveria alibandua nta ubavuni mwa pete kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na skrubu ndogo. Akailegeza hiyo kwanza, na zile kubwa zikafunguka bila shida.

"Kumbe fundi ni wewe!" koplo alicheka.

"Nilikuwa namshikia tu."

Alisaini, akarudi nyumbani na darubini ndani ya kitenge, kitenge kikiwa chepesi mno.

Jioni alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akaielekeza Mlima Kwaraa. Aliona ukungu mtupu. Akazungusha pete ya kurekebishia, ile ya karibu na jicho, taratibu, na ghafla mlima ukaja: miti mmoja mmoja, ng'ombe wakishuka, mmoja mweupe amebaki nyuma.

"Tazama yule mweupe," alisema kwa sauti.

Akainyoosha darubini upande aliokuwa akikaa Tadeo. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Ule haukuwa ukungu. Darubini ilikuwa imewekwa kwa jicho la Tadeo, vile alivyoiacha siku ya mwisho alipoitumia, na yeye alikuwa ameigeuza.

Aliizungusha kuirudisha. Mlima ukafifia. Akaongeza kidogo, akapunguza, akaongeza tena. Kila mahali pete iliposimama palikuwa na ukungu wake, na hakujua upi ulikuwa wa mumewe. Aliendelea hadi vidole vikamuuma, kisha akailaza darubini mapajani, akabaki amekaa.