Benchi la Bibi Mektrida

Nilisimama mlangoni kwa Bibi Mektrida nimeshika jani la isale kwa mikono miwili. Kwetu Uchaggani ukimpelekea mtu isale unaomba msamaha, naye hawezi kukukatalia. Nililikata kwenye uzio wa baba asubuhi hiyohiyo.

Mimi na yeye tulikuwa tumepanga fremu za maduka zinazotazamana, mtaani Shirimatunda. Duka langu lilijaa hadi darini. La Bibi Mektrida lilikuwa na pakiti nne za chumvi, viberiti, na sabuni za mche zilizopauka kwa jua. Lakini miaka sita halikufungwa, na benchi lake la nje halikukosa watu! Roho iliniuma. Siku moja nikamnong'oneza mteja, "Duka tupu vile, kodi analipa na nini? Si chuma ulete hiyo?" Yaani ana dawa ya kuvuta hela kwenye madroo yetu. Nilisema nikicheka. Mdomo wangu huu, jamani!

Mwezi haukuisha, watu wakaanza kupita ng'ambo ya barabara, akina mama wakiwavuta watoto mkono. Bibi akabaki peke yake kwenye benchi, anawapungia, hawaitikii.

Ukweli alinipa mwanawe, Sylvanus, alipokuja kumwona.

"Kodi tunalipa sisi watoto. Baba alipofariki, mama aliacha kuongea kabisa. Tukamfungulia duka apate watu wa kumsalimia."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Kesho yake ndipo nikaenda na isale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Magreth."

Nikamwambia yote. Alilipokea jani, akaliweka rafuni kando ya chumvi.

"Nimekusamehe, mwanangu. Basi uwaambie na wenzako."

"Nitawaambia, bibi."

Nilipanga kusema Jumapili, watu wakitoka misa. Nikaona aibu, wateja wangenionaje? Nikajiambia Jumapili ijayo, halafu ile nyingine. Kabla ya Pasaka, Sylvanus akaja na pikapu kumchukua mama yake. Hakukuwa na mzigo wa maana wa kupakia.

Fremu ile sasa nimeipanga mimi, ndiyo stoo yangu. Isale bado liko rafuni, limekauka. Benchi nimeliacha palepale nje, hakuna anayelikalia. Wateja wakiniuliza kama siogopi kuingia mle, nacheka, naendelea kuwapimia sukari.