Diski Iliyokuwa Kengele

Watu walilia sana kwenye maziko ya Ponsiano, isipokuwa mdogo wake, Deus. Si kwamba hakumpenda kaka yake. Walikuwa chanda na pete. Ila jeneza lilipokuwa linashushwa pale Vihingo, nyuma ya kanisa dogo la kigango, mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Redempta alianza kugonga chuma kilichoning'inia kwenye mkorosho. Deus akainua macho kukitazama, na machozi yakamkauka papo hapo. Kile chuma kilikuwa diski ya breki, pana na nene, ya gari la nguvu. Fundi ni fundi, hata mazikoni ataona spea.

Tusimhukumu haraka. Marehemu alimwachia gari la michezo la zamani, la milango miwili, pua ndefu, rangi ya chungwa. Injini yake ilikuwa na hasira na breki zake zilikuwa za kubembeleza. Ponsiano alikuwa amemwahidi Flaviana, binti pekee wa Deus, kwamba siku ya ndoa yake atapelekwa kanisani na gari hilo, na Flaviana hakutaka kusikia habari za gari lingine. Kutoka nyumbani kwao Kongowe hadi kanisani kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna barabara kuu, na malori ya barabara kuu hayamsubiri bibi harusi. Deus aliuwaza mteremko ule usiku na mchana. Alitaka diski kubwa, zinazokamata. Moja alikuwa nayo gereji kwake Misugusugu, aliipata kwenye vyuma chakavu, lakini mwenzake hakupatikana Kibaha nzima wala Dar. Sasa huyo mwenzake alikuwa mbele yake, juu ya kaburi la kaka yake, analia.

Matanga yalipokwisha alirudi Vihingo. Mwenyekiti wa kigango hakuwa na neno, maana walishaletewa kengele ya kweli kutoka parokiani. Alipokea diski ndogo zilizotolewa kwenye lile gari la marehemu kuwa badala yake, akashukuru. Aliyegoma ni Redempta.

"Hiyo si ya sala, baba," alimwambia Deus baada ya kuitikia shikamoo yake. "Hiyo ni ya msiba peke yake. Unagonga mara moja, unangoja sauti iishe yote, ndipo unagonga tena. Watu wakiisikia wanaacha majembe, wanakuja, wananiuliza, 'Nani?' Nami nawatajia jina."

"Nimekuelewa, mama. Nitaipeleka ikachongwe upya, itakuwa kitu kingine kabisa."

"Haigongwi bila jina," Redempta aliendelea, kana kwamba hakumsikia. "Ikilia bila jina, inalitafuta yenyewe."

Deus akaitikia kwa adabu, akaitia diski kwenye gunia. Adabu ya mdomoni hiyo, ya mtu ambaye mkono tayari uko kwenye mzigo. Wahenga walishatuambia habari za asiyesikia la mkuu, na sisi hatuchoki kuwapa ushahidi.

Mchonga vyuma wa Mlandizi aliitoa kutu yote, diski ikang'aa. Deus akaifunga gurudumu la kushoto mbele, na ile ya vyuma chakavu akaifunga kulia. Ringi za zamani zikagoma kupita juu ya diski zile, akatafuta kubwa zaidi. Akatoa upepo kwenye breki mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu. Alipomaliza alilishika gari bodi akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu sasa binti yake angeshuka mteremko salama.

Jioni hiyo alilitoa kulijaribu. Alipofika mbele ya kibanda cha kahawa cha Mzee Zahoro alikanyaga breki, na gari likasimama pale pale, utadhani limepigiliwa misumari. Deus akacheka mwenyewe. Kisha kutoka gurudumu la kushoto ikatoka sauti, nzito, ndefu, ikaenda ikiisha polepole. Kimya. Halafu ikatoka tena, na gari limesimama, na hakuna kinachozunguka.

"Fundi, umetuletea kanisa barabarani?" Mzee Zahoro alimtania, buli mkononi.

"Mzee shikamoo. Chuma kipya hicho, kinazoea."

Asubuhi, mbele ya kibanda hakukuwa na kahawa, kulikuwa na mikeka. Mzee Zahoro alikuwa amelala na hakuamka. Deus alikwenda kutoa rambirambi kama watu wote, akajiambia kwamba mzee alikuwa mtu wa presha. Kujidanganya ni kazi rahisi, haihitaji spana.

Siku iliyofuata alipita kwa Mwanamkuu, fundi cherehani aliyekuwa anashona gauni la harusi. Mume wa Mwanamkuu alikuwa kibarazani anamenya chungwa, mzima wa afya, akampungia mkono. Deus akasimamisha gari. Diski ikalia, ikanyamaza mpaka mwisho, ikalia tena. Safari hii Deus hakucheka. Alishuka akaigusa diski, akaikuta baridi, wakati diski iliyotoka kukamata huunguza kidole. Yule bwana alikufa kesho yake mchana, kwenye mlango wa msikiti, viatu mkononi.

Hapo Deus aliogopa. Nasema aliogopa kama anavyoogopa mtoto. Alilirudisha gari gereji kwa gia na hendibreki tu, ambayo inashika magurudumu ya nyuma, wala hakuigusa pedali ya breki. Akapandisha jeki, akatoa gurudumu, akafungua kila kilichofunguka. Diski yenyewe ikagoma. Ilikuwa imeganda kwenye kitovu cha gurudumu kana kwamba imekaa humo miaka mingi. Na kila fundi anajua diski iliyoganda inatolewaje. Inatolewa kwa nyundo.

Deus akakaa chini, akaitazama. Hakuthubutu hata kuikwaruza.

Flaviana alimkuta hapo. Alikuja kumwambia kwamba gauni lingemaliziwa na mwingine, Mwanamkuu yumo edani, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amekulia gereji, vyuma haviogopi.

"Baba, si uigonge tu?" alisema, na kabla baba yake hajafumbua mdomo alikwisha kuokota nyundo na kuiinua.

Deus alimrukia. Wakaanguka wote kwenye mafuta machafu, nyundo ikaenda kule. Flaviana akamtazama baba yake, ambaye hajawahi kumwinulia mkono tangu azaliwe, akaanza kulia. "Baba, una nini?"

"Nakupenda," Deus akasema. "Nenda nyumbani. Usije huku tena mpaka nikuite."

Alipobaki peke yake alielewa kwamba kitu kile kikikaa pale, ipo siku kitapigwa. Jirani ataegemeza spana, mteja atakanyaga breki. Na kilipo ndipo kinapochukua jina. Akarudisha gurudumu, akaondoka mchana ule ule kumfuata Redempta, kwa sababu aliyejua kukigonga huenda alijua na kukinyamazisha.

Toka Misugusugu mpaka Mlandizi alijikokota kwa gia, malori yakimpigia honi na kumtukana, naye hakuigusa pedali ya breki. Akaingia barabara ya vumbi kuelekea upande wa Kisarawe. Msitu ukakaa kimya kushoto na kulia. Hakukuwa na ndege wala upepo, na mara kwa mara alihisi gurudumu la kushoto linavuta usukani polepole, kama mtu anayekushika mkono gizani akijua njia. Akausoma usukani ule, akaona unavuta kuelekea kigangoni.

Mteremko wa mwisho ulikuwa karibu na kanisa. Deus akavuta hendibreki, na kamba yake ikakatika. Gari likachukua kasi. Chini, njia nzima ilikuwa imejaa kina mama wanaotoka kisimani, ndoo vichwani, na Redempta akiwa katikati yao. Huku mtaro, huku mkorosho, na wao hawana pa kukimbilia.

Akakanyaga.

Gari lilisimama hatua chache mbele ya ndoo ya kwanza. Zilikuwa breki nzuri, tumpe fundi haki yake. Vumbi likapita. Kisha diski ikalia, sauti ile ile iliyomlilia Ponsiano, ikaenda hadi msituni, ikaisha yote. Ikalia tena.

Kina mama wakatua ndoo chini, wote kwa pamoja, kwa mazoea. Kutoka mashambani wanaume wakaanza kuja, majembe wameyaacha. Redempta akasogea mpaka dirishani.

"Nani?" akauliza.

Deus akatazama kiti cha pembeni, kitupu, kile ambacho Flaviana angekalia Jumamosi, siku ya harusi. "Ponsiano," akasema upesi.

"Huyo tulishampigia, mwanangu." Alisema kwa huruma. "Haipokei mara mbili."

Diski ikalia mara ya tatu. Deus akawaona wote waliosimama pale, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, na nyuma yao, kwa macho ya moyo, akaiona nyumba yake Kongowe na kamba ya taa ambazo Flaviana alikuwa ameanza kuzitundika. Jina lisipotajwa litatafutwa.

"Nani, baba?"

"Deus," akasema. "Mpigieni Deus."

Chuma kikanyamaza. Redempta akaifungua kanga kiunoni akajitanda kichwani, akaingiza mkono dirishani akamshika wake. Kina mama wakakaa chini kwenye vumbi kulizunguka gari, kama wanavyowakalia wafiwa. Na mmoja wao, kwa sauti ya chini, akamuuliza kule kwake wampigie simu nani kumpa habari za msiba.