Ndoo za Mama Mkwe

Kiwandani kwetu tunatengeneza ndoo za plastiki. Kwa miaka kumi na tisa, mtu pekee aliyejua zimebaki ngapi alikuwa mtunza stoo, mama mnene wa sauti nyembamba tuliyempachika jina la Dada Daftari kwa sababu aliandika kila kitu, hata siku ilizonyesha mvua.

Mwaka huu meneja akanunua mfumo wa kompyuta. Alirudi kutoka semina ya hotelini kichwa kimevimba.

"Oda ikiingia," akatutangazia, "mfumo wenyewe unapanga uzalishaji, unaagiza vifaa, unaandika hesabu. Kazi ya binadamu ni kubonyeza tu."

Akaleta na mkufunzi, bwana mmoja wa suti iliyombana, aliyesema "rahisi sana" kila kitu kilipomshinda.

Tukafungiwa siku tatu kwenye chumba cha mikutano, watu kumi na wawili, kompyuta nne. Fundi wa mashine alishika kipanya kama anayeogopa kitamng'ata. Dada Daftari alikaa mbele, akinakili kila hatua kwa kalamu. Siku ya pili akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Haya tunayoandika ni ya mazoezi, au yanakwenda kweli?"

"Ya mazoezi, mama. Rahisi sana."

"Mbona sioni palipoandikwa hivyo?"

Meneja akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Dada, unatuchelewesha. Hebu tazama." Akavuta kompyuta, akafungua oda mpya: ndoo elfu ishirini, rangi nyekundu. Mteja: Mama Mkwe. Ili kunogesha utani akaweka na namba ya simu ya mama mkwe wake, ile halisi, kisha akabonyeza "Thibitisha". Tukapiga makofi. Tungefanyaje, ni meneja.

Ijumaa tukagawiwa vyeti. Changu kilikuwa na jina la mtu nisiyemjua.

Jumatatu mashine zikaanza kufyatua ndoo nyekundu. Hakuna aliyeuliza, ratiba ilitoka kwenye mfumo. Wiki iliyofuata lori likaingia na vishikio elfu ishirini. Ndoo zikajaa stoo, zikajaa korido, zikafika mlango wa choo cha wanaume.

"Nani kaagiza takataka hizi?" meneja akafoka.

"Ni wewe, bosi," Dada Daftari akamjibu, akimgeuzia skrini.

"Basi futa!"

"Kufuta kunataka idhini yako. Weka neno lako la siri."

Hakulikumbuka. Alipokosea mara ya tatu, mfumo ukamfungia nje. Mkufunzi alipigiwa, akasema rahisi sana, simu ikakatika.

Saa hiyohiyo mama mkwe mwenyewe akaingia, mkoba kwapani, simu mkononi. Tangu juzi alikuwa amepokea ujumbe: "Ndugu mteja, ndoo zako 20,000 ziko tayari."

Meneja akanywea. "Shikamoo, mama. Ulikuwa utani tu wa darasani..."

"Marahaba. Kwa hiyo huku kazini mimi ndiye wa kuchekwa?"

Tukaanza kukagua viatu vyetu.

"Na mimi nimeshazitafutia wanunuzi," akaendelea. "Shule nane na masoko mawili. Sasa niende nikawaambie mkwe wangu alikuwa anatania?"

Dada Daftari akampangusia kiti. "Karibu ukae, mama. Mzigo upo. Utachukua wote, au kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo. Jumanne na Ijumaa."

Wale wanawake wawili wakamaliza mambo kwa dakika kumi, wamezungukwa na ndoo. Meneja aliwashikia mlango.

Mwisho wa mwezi aliandika ripoti makao makuu kwamba mfumo umefungua soko jipya. Wakampongeza, wakamtaka azunguke viwanda vyote akifundisha wenzake. Akaja stoo kumbembeleza Dada Daftari wafuatane, ili yeye azungumze na dada abonyeze.

Dada Daftari alikataa, bila hata kuondoa macho kwenye skrini. Alisema ni Ijumaa, gari liko getini, na mteja wake hapendi kusubirishwa.