Mhazini wa Soksi

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, hela ya muhula iliisha kabla wahadhiri hawajamaliza kujitambulisha. Baba ni mpaka rangi wa nyumba na hana hela ya kuchezea, lakini hakugomba. Alisubiri tu mdogo wangu naye apate nafasi chuo hichohicho, kusomea uuguzi, kisha akatuita sebuleni, akahesabu hela zetu sote wawili na kumkabidhi yeye.

"Hizi za kwako, hizi za kaka yako," alisema. "Huyu bwana mkubwa umpe kidogokidogo, kama dawa."

Jamani! Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nipimiwe hela na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Mama alicheka mpaka akatoka nje.

Mdogo wangu ukimkabidhi kazi hana mzaha. Alikusanya soksi zangu zilizopoteza wenzake, akazifua, akazigeuza benki. Ya kijivu ikawa ya chakula, yenye mistari ya nauli na fotokopi, nyeusi ya dharura. Hela zake yeye aliziweka kwenye pochi. Kila Jumatatu nilikwenda hosteli ya wasichana kuchukua posho, na kwa kuwa wanaume hatuvuki mapokezi, hesabu ilifanyika palepale, mbele ya matroni na kila aliyekuwa akipita. Anashuka ngazi ameshika soksi, anazamisha mkono, anatoa noti mojamoja huku anazinyoosha. Ukitaka kujua watu wana muda, wewe lipwa hela kutoka kwenye soksi hadharani.

Mimi ndiye niliyempachika jina la Mhazini, nikidhani litamkera. Wapi! Alilipokea kama cheo.

Sikatai, mpango wake ulinifaa. Nilikula kila siku, nilinyoa kwa wakati, hata mashavu yakaanza kutokeza. Tatizo likaja na sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Kuna binti tunayesoma naye takwimu, akicheka unasahau fomula zote, na nilikuwa nimeshamwahidi kwamba tiketi yake iko juu yangu. Aliniitikia kwa furaha. Nilichobakiza ni kuzipata hizo tiketi mbili.

"Fungua ile nyeusi," nilimwambia Mhazini.

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Kuna sherehe."

"Sherehe si dharura, kaka."

"Kwangu ni dharura."

"Basi ugua pole."

Matroni akainamia meza yake, mabega yanamtikisika. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia mdogo wangu kwamba hela ni zangu, kwamba ukubwa umemwingia kichwani, na mengine ambayo kaka mtu hapaswi kuyasema mbele ya watu. Aligeuka akapanda ngazi ameshika chuma cha pembeni, akasimama katikati kidogo, ndipo akaendelea. Nilidhani ananiringia.

Kesho yake nilirudi nikiwa nimeazimia. Safari hii siombi, nachukua zote kwa haki ya ukubwa. Nilipotuma mtu amwite, aliyetangulia kushuka alikuwa mwenzake wa chumba, msichana mfupi mwenye taulo kichwani.

"Anakuja, anashuka taratibu," alisema. "Samahani kaka, wewe ndiye mwenye zile soksi?"

"Ndimi."

"Basi toa hata kidogo umnunulie chakula. Wiki nzima anakunywa chai kavu. Nikimpa changu anasema ameshiba."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliogopa pia. Mdogo wangu alipotokea ndipo nikamwangalia vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nikaona jinsi gauni lilivyompwaya. Alikuwa ameshika soksi zote tatu.

"Chukua," alisema. "Nimechoka kugombana na wewe."

"Zako ziko wapi?"

Ilibidi nimbane ndipo aseme. Zake zilikuwa zimeishia kwenye sare na vifaa vya mafunzo, maana bei zilipanda katikati ya muhula bila taarifa. Hakutaka kumpigia baba. Mvua zilikuwa zimeanza, na mvua ikinyesha hakuna anayepaka rangi nyumba.

"Na hizi?" Nilizipokea soksi, nikazitikisa. "Si ungechota humu?"

"Hizo ni zako."

"Kwani mimi si kaka yako?"

"Baba alinipa nizitunze. Hakunipa nizile."

Hasira zikanirudia, safari hii sijui hata nazielekeza kwa nani. Nilizimwaga soksi zote juu ya meza ya matroni, noti na sarafu zikachanganyika, chakula na nauli na dharura.

"Gawa kwa mbili," nikamwambia.

"Hazitatufikisha mwisho wa muhula."

"Gawa, tutajua mbele ya safari."

"Na sherehe?"

"Sherehe gani?"

Nilimpigia yule binti palepale, nikamweleza ukweli. Alisema hakuna shida, kwa sauti ya mtu ambaye kichwani ameshaanza kupanga aende na nani mwingine. Iliniuma, sidanganyi. Nilipokata simu, mdogo wangu alikuwa ameshaanza kugawa, midomo inacheza, ananikatia soda na kunisogezea mbele siku ya kinyozi.

Nilichomoa noti moja kutoka kwenye lile fungu nikaenda dukani, nje ya geti. Nikarudi na mkate, mayai ya kuchemsha na maziwa. Matroni alitupisha kwenye benchi lake. Mdogo wangu alimega kipande kikubwa, akala haraka bila kuniangalia, kikamkwama, akakohoa, nikawa nampigapiga mgongo kama alipokuwa mdogo. Macho yalimjaa machozi, na sikuuliza kama ni ya mkate au ya nini. Alikunywa maziwa, akapumua, akajifuta mdomo kwa kiganja.

Kisha akaninyooshea mkono.

"Haya, kaka," alisema. "Chenji iko wapi?"