Mkanda wa Kifuani

Mimi ni mwoga, sikatai. Kwenye mteremko nafinya breki mpaka zinalia, ndiyo maana kwenye klabu yetu ya baiskeli wakaniita Breki, na jina likanikaa kuliko lile la kuzaliwa. Wanicheke tu. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa kilio hawakuwa wajinga.

Shujaa ni mdogo wangu. Ni kinyozi, na kwa jinsi anavyoongea huku mkasi ukienda, wateja walimwita Kasuku. Mimi nashona mapazia ng'ambo ya barabara, na hata cherehani ikinguruma bado namsikia. Jioni tunatoka pamoja na baiskeli zetu. Kwenye mlima ananiacha, akifika juu ananingoja ili apate wa kumcheka.

Woga wangu una chanzo chake. Baba alikuwa fundi viatu. Alianguka kutoka kwenye kigoda chake, nyundo mkononi, kiatu cha mtu hajakimaliza. Daktari akasema ni moyo, na kwamba huenda ulimsumbua muda mrefu bila yeye kumwambia mtu. Mama hurudia hadi leo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangu hapo nausikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja. Kasuku huniambia, "Ukiusikiliza sana, dada, utakuja kukusema."

Kocha wetu, mwalimu wa michezo aliyestaafu, ana sheria moja: bila kipimo, hakuna mbio. Kipimo chenyewe hukifanyia stoo, nyuma ya nyumba yake. Baiskeli imefungwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma linazunguka juu ya rola, naye anakaza uzito kidogo kidogo mpaka mtu ashindwe. Kifuani unavaa mkanda uliolowanishwa maji, na mapigo ya moyo yanaonekana kwenye skrini ukutani. Ana mikanda miwili inayofanana. Anayesubiri zamu huvaa wake mapema, ili asicheleweshe wenzake.

Siku zote Kasuku hutangulia. Safari hii, siku mbili kabla ya mashindano, alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mkanda kifuani, akasema, "Tangulia, dada." Nikadhani adabu imemrudia. Nikamtania kwamba leo amemeza ulimi. Akatabasamu tu, nami nikapanda baiskeli.

Hata jasho halijanitoka, skrini ikaandika mia mbili na kumi.

"Kocha, hiyo nini?"

"Punguza mwendo," akasema, lakini sauti yake haikuwa ile ya kawaida. "Hapana. Shuka kabisa."

Nikashuka, nikakaa sakafuni. Mtu akiacha kukanyaga, namba hushuka. Yangu haikushuka, ilipanda. Nikaogopa mpaka vidole vikafa ganzi. Nikakumbuka pazia nililoliacha kwenye cherehani, sindano bado imezama ndani yake, nikajua nami naiacha kazi ya watu nusu, kama baba.

"Nivue hiki kitu," nikasema. "Kinanibana."

Kocha akaufungua mkanda, akauweka mezani. Skrini ikaandika mia mbili kumi na nane.

Akautazama mkanda pale mezani, akatazama ukuta. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Uzee huu. Skrini nimeiunganisha na mkanda wa pili. Hayo si mapigo yako, Breki."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikaweka vidole shingoni, nikaukuta moyo wangu mzima, unadunda kwa woga tu. Kocha naye alikuwa anacheka, mara akageuka kulitazama benchi. Ndipo nami nikaelewa. Mkanda wa pili ulikuwa kwenye benchi, na aliyeuvaa hakuwa amekanyaga hata pedali moja.

Kasuku alikuwa ameegemea ukuta. Midomo ilikuwa imempauka na shati limemganda mwilini.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Huwa inakuja na kuondoka. Itapita."

"Tangu lini?"

"Tangu mashindano yaliyopita. Ningesema, kocha angenitoa kwenye timu." Akavuta pumzi. "Nilitaka utangulie ili itulie kabla ya zamu yangu."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini muda wa yote mawili haukuwepo. Kocha alikwishakimbilia gari, namsikia akihangaika na funguo. Nikamwinua mdogo wangu, mkono wake shingoni mwangu, tukaenda hatua kwa hatua. Mlangoni magoti yakamlegea. Kocha akarudi, akamshika upande wa pili, tukamvusha ua. Tulipolifikia gari, kule nyuma skrini ikatoa mlio mrefu. Nikageuka, na kupitia mlango wa stoo nikaona sifuri.

Nilimng'ang'ania nikiliita jina alilopewa na mama, jina ambalo sijalitumia tangu tukiwa wadogo.

"Dada," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeudhika, "unanivunja mkono."

"Tumefika mbali na skrini, haiupati tena mkanda," kocha akasema. "Mwingize, twende hospitali."

Nilikaa nyuma naye, kichwa chake mapajani mwangu. Gari lilipotoka getini akaanza kufumba macho. Nikamtikisa, nikamwambia alalamike tena.

"Nilalamikie nini?"

"Chochote. Lalamikia breki zangu."

Akanyamaza. Maisha yake yote nimemwomba huyu mtu anyamaze, na sasa ukimya wake ulinitoa roho. Kisha akalamba midomo, akasema breki zangu zinaaibisha ukoo mzima.

"Endelea," nikamwambia. "Usinyamaze mpaka tufike."